Okoye, Jinamizi la Nigeria: yanayosemwa na yaliyotokea

Kipande chenyewe cha video hakimalizi hata nusu dakika. Ni usiku wa Jumatatu, tarehe 17 Septemba 1990, mjini Denver, Marekani, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mchezaji mwenye jezi namba 35 anakabidhiwa mpira, anainamisha bega na kuingia katikati ya msongamano. Beki anayeitwa Steve Atwater anamjia usoni. Wanakutana kifua kwa kifua, na yule mkubwa anakoma palepale kama lori lililogonga mwembe.

Kila nikikutana na kipande hicho kwenye simu, maelezo yake ni yaleyale: huyu ni Christian Okoye, Mnigeria aliyekuwa haangushwi, na siku alipoangushwa mambo yake yakaishia hapo. Watu wakishakisambaza, hadithi nyingine nazo huja nyuma yake. Baadhi zina chembe ya ukweli. Nyingi ni chumvi.

Eti alizaliwa na kipaji cha mchezo huo

Okoye alizaliwa Enugu tarehe 16 Agosti 1961. Hakuwa hata ametimiza miaka sita vita vya Biafra vilipoanza Julai 1967, na Enugu ndio uliokuwa mji mkuu wa Biafra. Majeshi ya serikali ya shirikisho yaliuteka Oktoba mwaka huohuo. Ukitafuta uwanja wa futiboli ya Kimarekani kwenye utoto huo utachoka kutafuta.

Alikuwa mwanariadha, na si mkimbiaji. Alikuwa mrushaji wa kisahani. Hicho ndicho kilichompeleka Azusa Pacific, chuo kikuu kidogo cha Kikristo kusini mwa California, alikokuwa anasoma Mnigeria mwenzake Innocent Egbunike, mkimbiaji wa mita 400. Hapo chuoni Okoye alitwaa mataji saba katika kisahani, tufe na nyundo. Futiboli ya Kimarekani alipoiona mara ya kwanza ilimchosha. Simlaumu. Mgeni anayeitazama kwa mara ya kwanza huona watu wanakimbia sekunde tano, kisha wanasimama kujadiliana nusu dakika.

Sasa sikiliza kilichombadilisha, maana watu hupenda kuruka hapa. Mwaka 1984 Olimpiki ilifanyika Los Angeles, ambako kutoka Azusa ni safari ya gari tu. Mrushaji wa Nigeria alikuwa anaishi mlangoni kwa mashindano. Orodha ya timu ya Nigeria ilipotoka, jina lake halikuwemo. Egbunike alikimbia kwenye michezo hiyo na kurudi na medali ya shaba ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne, na Okoye akabaki chuoni. Michezo ilifungwa tarehe 12 Agosti. Siku nne baadaye alitimiza miaka 23, na ni katika kipindi hicho, kwa kubembelezwa na wenzake, ndipo alipokubali kuvaa helmeti.

Miaka 23! Wenzake wengi walikuwa wameanza wakiwa wadogo, na kanuni zake wanazijua kama sala. Yeye alianza umri ambao wengine wanahitimu chuo na kuingia NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Miaka mitatu baadaye, kwenye uchaguzi wa wachezaji wa vyuo wa 1987, Kansas City Chiefs walimchukua akiwa wa 35 katika nchi nzima. Hilo ndilo la ajabu kwenye maisha yake, kuliko kipigo chochote.

Eti alikuwa nguvu tupu

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale wanaodhani ni raga iliyovalishwa helmeti. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Wakifaulu, hesabu inaanza upya. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kazi ya Okoye ilikuwa kukabidhiwa mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kukimbia nao mpaka aangushwe. Jina la mchezo lisikudanganye, mguu wake haukupiga mpira. (Raga na huu mchezo ni ndugu, lakini kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine si kama kuvuka barabara. Mkenya Daniel Adongo alipotoka kwenye raga na kusaini Indianapolis Colts mwaka 2013, alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huo.)

Okoye alikuwa na urefu wa karibu sentimita 185 na uzito wa kilo 118 hivi, kwa hiyo nguvu zilikuwepo, hatubishani. Ila kurusha kisahani si suala la misuli ya mkono. Unashika kitu cha kilo mbili, unajizungusha ndani ya duara la kipenyo cha mita mbili na nusu, na ukikanyaga nje umeharibu. Ni kazi ya nyayo, magoti na nyonga. Mtu aliyefundishwa hivyo, na ambaye juu ya hayo alikuwa na mbio zisizolingana na mwili wake, ukimpa njia ndogo anaipita kabla haijafungwa. Mabeki walikuwa wanafika wamechelewa, wanamshika pembeni, anawakokota.

Ndipo wakamwita Jinamizi la Nigeria. Kwa Kiswahili jina hilo linakaa vizuri kuliko hata lilikotoka, kwa sababu jinamizi letu humlalia mtu kifuani, akataka kupiga kelele sauti isitoke. Waliozaliwa baadaye wengi walimjua kupitia mchezo wa video wa Nintendo uitwao Tecmo Super Bowl, wa mwaka 1991, ambamo mabeki wanamrukia na kudunda kama mipira ya tenisi. Nadhani huko ndiko ilikotoka imani kwamba alikuwa haangushwi. Aliangushwa kila wiki, kama mtu mwingine yeyote wa nafasi ile.

Eti mwaka 1989 hakuwa na mpinzani

Mwaka huo kocha mpya, Marty Schottenheimer, aliamua kumbebesha timu nzima. Okoye alikimbia na mpira mara 370, akapata yadi 1,480 na kufunga mara 12. Hakuna aliyepata yadi nyingi zaidi yake kwenye ligi.

Sasa tazama aliyemfuata: Barry Sanders wa Detroit, kijana wa mwaka wa kwanza, yadi 1,470. Tofauti ni yadi kumi. Kwenye mechi ya mwisho kocha wake alimwambia kwamba bado kidogo tu ataongoza ligi, je, arudi uwanjani? Detroit walikuwa wameshajihakikishia ushindi, na Sanders akakataa. Hesabu nyingine: Okoye alibeba mara 370, Sanders 280. Wastani wa Okoye ni yadi nne kamili kila akishika mpira, wa Sanders unapita tano.

Simvui Okoye taji lake. Kubeba mpira mara 370, kila mara ukiishia chini ya rundo la wanaume wenye kilo mia na ushei, ni kazi ambayo Sanders hakuifanya mwaka ule. Lakini anayesema hakuwa na mpinzani hajatazama jedwali.

Eti Atwater alimmaliza

Kipigo kilikuwa cha kweli, na kizito. Atwater alikuwa amevalishwa kinasa sauti usiku ule, ndiyo maana majigambo yake yalinaswa na kipande kikaishi miaka yote hii. Denver, timu ya Atwater, walishinda 24 kwa 23.

Okoye aliinuka. Yadi zake za mwaka huo zilishuka hadi 805, lakini zilishuka kwa sababu mpira alikuwa anagawana na mwenzake Barry Word, ambaye alipata 1,015. Mwaka uliofuata, 1991, Okoye alirudi na yadi 1,031 na akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, kwa mara ya pili. Kama huko ndiko kumalizwa, wengi wangeomba wamalizwe.

Kilichomtoa uwanjani ni magoti, pamoja na umri. Msimu wa 1992 aliambulia yadi 448. Mwaka 1993 Chiefs waliwaleta Joe Montana na Marcus Allen, na huyo Allen nafasi yake ilikuwa ileile ya Okoye. Alistaafu mwaka huo, miaka 32. Misimu sita, yadi 4,897, mabao 40.

Eti ndiye Mwafrika wa kwanza NFL

Hapana. Hata kwa Wanigeria tu, Obed Ariri alicheza Tampa Bay mwaka 1984, na Donald Igwebuike akamrithi kwenye timu hiyohiyo mwaka 1985. Wote walikuwa wapigaji wa mguu, kazi ambayo mtu aliyekulia kwenye soka anaielewa. Upya wa Okoye ni kwamba alifika kileleni kwa kubeba mpira mikononi.

Eti ana pete, na yuko Canton

Pete ya Super Bowl, wanayopewa washindi wa fainali ya NFL, hana. Chiefs walishinda Januari 1970, kisha hawakushinda tena mpaka Februari 2020. Wakati wa Okoye, mchujo uliwatoa misimu ya 1990, 1991 na 1992.

Na Canton, Ohio, kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo, hayumo. Misimu sita haikutosha kuwashawishi wapiga kura. Chiefs walimwingiza kwenye ukumbi wa klabu yao mwaka 2000. Atwater aliingia Canton na kundi la 2020, na unaweza kukisia ni kipande gani kilirushwa tena wiki hiyo. Okoye mwenyewe alibaki California, na huko alianzisha ukumbi wa kuwaenzi wanamichezo wa jimbo hilo.