Je, wajua kwanini sura inatoka nyeusi ukimpiga mtu picha jua likiwa nyuma yake?

Hii kitu naiona sana pale Forodhani, Unguja, jioni watu wamejaa ukingoni mwa bahari, jua linazama nyuma yao, mtu kaweka pozi lake zuri kabisa, picha ikitoka unaona mbingu imependeza na mbele yake kuna kivuli cheusi tupu. Mimi nilimpiga shangazi yangu hivyohivyo siku ya Idi, gauni jipya, kajipamba, na kwenye picha huwezi kujua ni nani. Niliumia sana. Wengi wanasema simu mbovu, lakini simu haina kosa.

Iko hivi. Kamera haijui kama mbele yake kuna shangazi au kuna jahazi. Inapima tu mwanga wote ulioingia kwenye fremu, halafu inajiseti ili wastani wake utoke kijivu cha kati, yaani kama kitu kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaokipiga. Sasa mbingu yenye jua ina mwanga mwingi mno, kamera inaona umezidi, inaupunguza, na sura ambayo tayari iko kivulini inapunguziwa pamoja nao. Sisi pale tunamuona shangazi vizuri kwasababu macho na ubongo vinajirekebisha kila tunapohamisha jicho, kamera inabidi ichague seti moja kwa picha nzima. Simu nyingi za siku hizi zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, inasaidia kiasi, ila jua likiwa kali bado inashindwa.

Ndio maana pia shela la bibi harusi likijaa kwenye fremu linatoka kijivu, na buibui jeusi linatoka limepauka. Kamera inavuta kila kitu kije katikati. Kwahiyo kwenye nyeupe nyingi ongeza mwanga, kwenye nyeusi nyingi punguza, najua inasikika kinyume lakini jaribu uone.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada hapa. Zamani maabara za kusafisha picha za rangi zilikua zinapanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na aliyekua kwenye kadi ni mwanamke mzungu, ngozi yake ndio ikawa kipimo cha wote. Teknolojia imebadilika, mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakiitangaza kabisa kwamba inajali rangi zote za ngozi, lakini usiiachie mashine ikuamulie.

Gusa sura ya mtu kwenye skrini kabla hujapiga. Kwenye simu nyingi kinatokea kialama cha jua, kiburute juu mpaka uso uonekane, mbingu ikiungua kidogo, yaani ikatoka nyeupe tupu, iache iungue, uliyemfuata ni mtu. Kwenye kamera kubwa tafuta kitufe cha + na −, anza na +1. Au washa flashi hata kama ni mchana, ila ya simu haifiki mbali, msogelee awe mita 1 au 2 hivi.

Lakini dawa ninayoipenda kuliko zote ni kumgeuza mtu. Au mkalishe barazani, kwenye kivuli, aangalie nje kule mwanga unakotoka, ngozi inatoka laini ajabu. Kama hawezi kugeuka, mtu ashike shuka jeupe mbele yake chini ya kifua, linarudisha mwanga usoni.

Saa sita mchana epuka ukiweza. Huku kwetu jua linakaa karibu na utosi, mwezi Machi na Oktoba ndio linapita juu kabisa, macho yanakua mashimo meusi na pua inaweka kivuli mdomoni. Subiri saa kumi na moja jioni.

Ila kuna siku kivuli cheusi ndio unakitaka, kama wale vijana wanaoruka baharini hapohapo Forodhani. Hapo gusa mbingu badala ya mtu, shusha mwanga kidogo, na usibonyeze mpaka kijana awe hewani kabisa, mikono na miguu imeachana, ili umbo lake lisomeke.