Umepasuliwa mimba ya nje ya kizazi na bado panauma? Soma hii kabla hujaenda duka la dawa

Simu zinazoingia kitengoni kwetu siku hizi nyingi ni za aina moja: dada kapasuliwa mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi, hii ni wiki ya tatu, bado anaumwa, na ndugu washamwambia kaachiwa pamba tumboni. Tuanze na hilo la pamba maana kwa kweli linatuchosha. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, pamba na vifaa vinahesabiwa kabla ya kufungua tumbo na vinahesabiwa tena kabla ya kufunga. Sisemi haijawahi kutokea duniani, nasema ni nadra mno na sio kitu cha kwanza cha kufikiria.

Maumivu mengi yanatokana na upasuaji wenyewe: umekatwa ngozi, ukakatwa utando mgumu unaoshika misuli, mrija ukatolewa, na wengi wenu mnatufikia mrija umeshapasuka damu imejaa tumboni. Hata ikisafishwa vipi mabaki huwa hayakosi, na yanawasha ndani mpaka kile kiwambo cha chini ya mapafu, ndo maana mwingine analalamika bega wakati kapasuliwa tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni jirani na ile ya bega, basi ubongo unachanganya anwani. Waliofanyiwa kwa matundu na kamera nao wanalipata hilo bega kwa siku 2 au 3 sababu ya gesi waliyopulizwa, na hapo kuinuka na kutembea ndo kunasaidia, sio kulala chali siku nzima ukihudumiwa.

Kwa mshono mkubwa, wiki 2 za mwanzo panauma haswa, halafu panapungua taratibu mpaka kama wiki ya 6. Ganzi na kuwasha pembeni ya kovu vinaweza kukaa miezi. Hedhi ya kwanza inarudi kati ya wiki ya 4 na ya 6 na inaweza kubana kuliko ulivyozoea. Halafu kuna hili ambalo hakuna anayependa kulisema: vidonge vya kuongeza damu vinakausha choo. Tunapokea mtu analia kuwa mrija wa pili nao umeshapata shida, ukimuuliza vizuri hajaenda chooni siku 4. Maji, papai, mboga za majani, na usijikamue.

Dawa sasa. Panadol za mg 500 ni 2 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 ndani ya saa 24. Vidonge vingi vya mchanganyiko vya diklofenaki vina panadol ndani yake tayari, kwahiyo ukimeza hivyo na panadol juu yake umejizidishia bila kujua na anayeumia ni ini. Ibuprofen na diklofenaki meza ukishakula, na usiguse kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo, au kama ulichomwa methotreksati (sindano ya kuzuia mimba iliyotunga nje isiendelee kukua), mpaka umuulize daktari wako. Tramadol ni dawa ya cheti. Anayekuuzia bila cheti anavunja sheria, sio kwamba anakufanyia wema.

Mkaja, mvuke wa majani, vidonge vya "kusafisha kizazi" vya kuingiza ukeni, naomba mviache. Kizazi chako sio kichafu. Kitambaa cha uvuguvugu kiunoni hakina tatizo, ila usikande mshono kwa maji ya moto.

Usisubiri kliniki, njoo hata usiku, kama maumivu yalishapungua yakapanda tena, homa imefika 38, mshono unatoa usaha, tumbo linajaa na hutoi hata hewa, unatapika, unazimia, damu inaloanisha pedi kila saa, au mguu mmoja umevimba au kifua kinabana.

Kuhusu kazi, maana hili nalo linaulizwa kila siku. Kwa sekta binafsi hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa aliyefikisha miezi 6 kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Lakini lazima uwe na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa, na meseji ya "bosi naumwa" sio cheti. Kwahiyo omba ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, kabla hujatoka wodini. Ndoo za maji na magunia ya mkaa subiri mpaka wiki ya 6.

Na poleni. Msiba huu watu hawautolei pole kwa sababu hakuna kaburi, mama anaambiwa tu ashukuru kapona. Kama usiku hulali na unalia, litaje kliniki, nalo ni sehemu ya maumivu.

La mwisho, chukua karatasi ya ruhusa usome upande gani umefanyiwa, na kama mrija ulitolewa au ulipasuliwa tu ukaachwa. Ulioachwa unaweza kubaki na chembe za mimba zinazoendelea kukua, ndo maana kipimo cha damu cha homoni ya mimba kinarudiwa mpaka kisome sifuri. Na mimba ijayo tutataka ultrasaundi wiki ya 6 au 7 kujua imekaa wapi. Kama karatasi umeipoteza, rudi uliza, faili lako lipo.