Umetoa upepo kwenye breki na bado ni laini? Angalia sehemu za juu

Kwenye breki za diski za pikipiki, mafuta ya breki hayabonyezeki, upepo unabonyezeka. Ukiingia hata kidogo kwenye mfumo, nguvu ya vidole inaishia kuuminya badala ya kusukuma pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Kabla hujafungua chochote, pampu mkono wa breki haraka mara tatu nne, kisha ushike kwa nguvu nusu dakika. Ukiwa laini mwanzoni ukawa mgumu kwa kupampu, kuna upepo. Ukiwa mgumu kisha ukashuka taratibu mikononi mwako, tafuta mahali panapovuja. Pasipovuja nje, sili ya ndani ya masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na mkono wa breki) imekwisha, na hiyo haitibiwi kwa kutoa upepo.

Andaa spana ya ringi inayoenea niple, yaani kijibolti chenye tundu cha kutolea upepo kwenye kalipa (nyingi ni namba 8), mpira laini unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 4 au 5, chupa, matambara na maji. Aina ya mafuta isome kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kilicho kwenye usukani. Pikipiki nyingi zinataka DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki). DOT 3, 4 na 5.1 ni za jamii moja, lakini DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nazo. Tumia chupa mpya. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 kavu haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishabeba asilimia 3.7 ya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Mililita 250 zinatosha breki moja, pamoja na za kumwaga.

Geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa, funika tangi kwa tambara (mafuta haya yanakula rangi, yakidondoka mwagia maji papo hapo), fungua kifuniko. Chomeka spana kwenye niple kwanza, kisha mpira, na ncha yake nyingine izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Bonyeza mkono wa breki, ushikilie, legeza niple robo mzunguko, na mkono ukishuka funga niple kabla ya kuuachia. Ukiachia niple ikiwa wazi, unavuta tena ulichotoa. Rudia, ukiongeza mafuta kikopo kisishuke chini ya alama ya LOWER. Kikikauka, kazi inaanza upya.

Kama masta silinda ni ya zamani, weka kipande cha mbao nyuma ya mkono ili usifike mwisho. Sehemu ya mwisho ya silinda, ambayo sili huwa haifiki, hushika kutu, na kutu hiyo huichana.

Mpaka hapo wengi hukwama: chini mafuta yanatoka safi, juu mkono bado laini. Sababu ni kwamba upepo unataka kupanda, nasi tunauvuta ushuke. Unajikusanya pale mpira wa breki unapofungwa kwenye masta silinda, kwenye ile bolti yenye tundu na washa mbili za shaba. Funika kwa tambara, bonyeza breki, legeza bolti kidogo sana mpaka povu litoke, kaza, ndipo uachie. Kisha gonga-gonga mkono wa breki, milimita chache tu za mwanzo. Chini ya kikopo kuna kitundu kidogo mno cha kurudishia mafuta, na pistoni ikishakipita njia ya juu imefungwa. Ndiyo maana kubonyeza hadi mwisho hakusaidii hapa. Utaona vipovu vinachomoza kimoja kimoja. Kwangu hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayorukwa.

Kalipa ya nyuma ina mtego wake: baadhi zimekaa niple ikiwa si sehemu ya juu kabisa. Ifungue, iinue niple itazame juu, weka kipande cha chuma au mbao ngumu katikati ya pedi pistoni zisichomoke, ndipo utoe upepo.

Ukitumia pampu ya kuvuta, vipovu vidogo visivyoisha mara nyingi si vya ndani ya mfumo. Ni hewa inayopenya kwenye nyuzi za niple iliyolegezwa. Usivikimbize. Rudi kwenye mkono wa breki uone kama umekuwa mgumu.

Mfumo mkavu kabisa, mfano baada ya kubadilisha mpira, mimi huujazia kutoka chini: sirinji ya mafuta kwenye niple, sukuma polepole, msaidizi achunge kikopo kisifurike. Penye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) soma kitabu cha pikipiki kwanza, kwani baadhi hazitoi upepo wote bila kifaa cha kuendesha pampu ya ABS.

Niple haitaki nguvu. Nyingi hukazwa takriban nyutoni mita 6, na ikikatikia ndani ya kalipa utajuta. Rudisha raba ya kifuniko ikiwa imekunjwa vizuri, osha kalipa na diski, shika breki kwa nguvu ukiangalia kila kiungo, kisha jaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kuingia barabarani.