Hela ya mboga inarudi kwenye kadi hapohapo

Kazi yangu ni kuelekeza watu wenye kadi ya EBT (ile kadi ya msaada wa chakula wa serikali) hapa jimbo la Massachusetts, Marekani, wapate mboga freshi bila kuumia mfukoni, na swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu, hasa waliotoka Kongo, ni hili: dada, hiyo HIP (mpango wa jimbo wa kukurudishia hela ya matunda na mboga) si deni kweli? Si deni, hakuna mtu atakuja kukudai.

Iko hivi. Unanunua matunda au mboga kwa mkulima aliyesajiliwa na HIP, iwe sokoni au kwenye kibanda cha shambani kwake, unalipa na pesa ya SNAP (huo msaada wa chakula ulio kwenye kadi, wengi bado wanauita fudi stempu), tuseme dola 15, mashine inakata 15 halafu 15 inarudi palepale kwenye kadi ileile, na hiyo iliyorudi unanunulia chakula chochote SNAP inachoruhusu, hata unga na mafuta. Ila salio la SNAP lazima liwepo, kadi ikiwa sifuri hakuna cha kurudishwa, ndo maana nawaambia anzeni kwa mkulima, supamaketi baadaye.

Na mbona nang'ang'ania hii ya kadi? Manake masoko mengi Marekani bado ni tokeni na vocha, upange foleni kwenye meza ya soko, uswaipi, upewe tokeni, uanze kuzunguka nazo kila mtu anakuona. Nilishaona mama ameshika fungu la lengalenga (mchicha), akaangalia ile foleni, akalirudisha taratibu akaondoka. Iliniuma sana.

HIP ilianza kwa majaribio: 2011 hadi 2012, hapahapa kaunti ya Hampden, kaya 7,500 zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola ya matunda na mboga, na watu wake wakawa wanakula matunda na mboga asilimia 26 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Senti 30 tu jamani! 2017 jimbo likafungulia wote wenye SNAP, dola kwa dola, watu wakaitumia mpaka pesa ikaisha na 2018 ikasimamishwa kwa muda. Kikomo cha hela ya kurudishiwa kwa mwezi kilikuwa dola 40 kwa watu 1 au 2, 60 kwa 3 hadi 5, 80 kwa 6 na kuendelea, halafu Desemba 2024 kikashushwa 20 kwa kila kaya, na mwenye watoto watano hiyo 20 alikuwa anaimaliza Jumamosi moja, hapo mimi sikukubaliana kabisa.

Kikomo kinabadilika, so usitegemee ya mwaka jana. Na ukikuta mkulima hana HIP muulize nani hapo sokoni anayo, wanajuana.