Taa za nje zinazowaka mchana: usiitwishe fotoseli mzigo wote

Taa za nje za kituo cha afya au ofisi ya kata zikionekana zinawaka saa nne asubuhi, lawama humwangukia mlinzi. Mara nyingi hana kosa. Fotoseli, yaani kihisi cha mwanga kinachowasha taa giza likiingia na kuzizima kukicha, imeharibika: kontakti zake za ndani (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) zimegandana na haziachii tena. Au fundi alishaiondoa akaunga dairekti.

Hasara yake si ndogo. Mwanza usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, yaani saa 4,380 hivi kwa mwaka. Taa ya sodiamu ya wati 250 pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti mkondo wa taa) hula kama wati 280, hivyo taa 10 humaliza uniti 12,264. Ukifunga LED 10 za wati 100 unashuka hadi uniti 4,380. Zikiwaka usiku na mchana, zinapanda hadi 8,760, na zaidi ya nusu ya ulichookoa imeshapotea.

Kwa nini kontakti zigandane? Fotoseli imeandikwa ampea 10, fundi anajumlisha wati 1,000, anapata ampea 4 na ushee, anaridhika. Lakini draiva ya LED, yaani kifaa kinachoilisha taa umeme, ina kapasita (kihifadhi chaji), na kapasita tupu ikipewa umeme huvuta mkondo mkubwa mno kwa kufumba na kufumbua. Taa 10 zikivuta kwa pamoja, cheche huchomelea kontakti. Kwa hiyo fotoseli iwashe koili ya kontakta tu (kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya koili), na kontakta ya ampea 25 ndiyo ibebe taa. Hapohapo gawa taa kwenye saketi mbili. Geti na mlango wa wodi viwake hadi alfajiri. Taa 5 za uani zipitie taima na kuzimwa saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hapo peke yake unaokoa uniti 1,095 kwa mwaka.

Fotoseli isiione mwanga wa taa inazoziwasha, la sivyo taa zitawaka na kuzima usiku kucha. Kioo chake kifutwe kila mwezi. Wadudu wa ziwani wakija kwa wingu hukigandia, buibui naye hufuata na utando wake, na kioo kikifunikwa fotoseli hudhani giza limeingia. Ili wapungue, chagua mwanga wa kelvini 3,000, siyo ule mweupe wa 6,500 unaowaita, na taa itazame chini.

Radi za ukanda huu wa ziwa huua draiva nyingi, kwa hiyo funga kinga ya radi kwenye paneli, nyaya zake zisizidi sentimita 50. Bila ethi nzuri (njia ya kupeleka umeme ardhini) haisaidii kitu, na hapa ndipo miamba yetu inapotusumbua: rodi, yaani fimbo ya ethi inayopigwa ardhini, inagonga jiwe, fundi anaikata na kufukia kipande. Usikubali. Chimba mtaro, laza waya wa shaba usio na ganda palipo na udongo wenye unyevu, kisha pima kwa mita ya ethi. Mimi sikabidhi kazi juu ya omu 10.

Waya uingie kwenye taa kutokea chini, ukiwa umening'inia kidogo kabla ya glandi (kibano cha kuziba pale waya unapoingia) ili maji ya mvua yadondokee hapo.