Je, wajua kwa nini kaya za Mtwara na Lindi ni ndogo?

Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa kaya ya Mtwara ilikuwa na wastani wa watu 3.7, na ya Lindi 3.8. Simiyu walikuwa 6.9, na wastani wa taifa 4.7. Mtu akizisoma namba hizi haraka anaweza kudhani huku kusini undugu umelegea. Sivyo hata kidogo.

Karani wa sensa haulizi una ndugu wangapi. Anauliza ni nani wanaolala hapa na kula pamoja. Anachohesabu ni chungu.

Ingia uani kwenye nyumba ya vyumba sita, tuseme pale Magomeni mjini Mtwara, saa moja jioni. Majiko matatu ya mkaa yanawaka. Kwenye la kwanza bibi anasonga ugali wa muhogo, wake na wa wajukuu wawili ambao mama yao yuko Dar. La pili ni la binti yake mwingine, aliyeachika. Anachemsha ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) ya kuuza kesho, wanawe wawili wakiwa pembeni. La tatu ni la mpangaji, kijana anayeishi peke yake. Mjukuu anatumwa na bakuli la kisamvu kutoka jiko la bibi kwenda la mama mdogo, kisha anarudi na kipande cha samaki. Watu saba, paa moja, na kwa karani hizo ni kaya tatu.

Yule binti aliyeachika ndiye ufunguo wa jambo lenyewe. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa ukeni, mjomba ana sauti kubwa juu yake, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Kwa hiyo ndoa ikivunjika, mara nyingi mwanaume ndiye anayefunga mzigo. Mwanamke anabaki kwao na watoto wake, anawasha jiko lake na kuwa mkuu wa kaya. Kwa ndugu zetu wa kanda nyingine jambo hili hushangaza. Huku halimwondolei mama heshima yake, na mimi naona ni kinga kubwa kwa watoto.

Tena uzazi wenyewe ni mdogo. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikadiria watoto 3.8 kwa mwanamke Kanda ya Kusini, dhidi ya 6.7 Kanda ya Magharibi.

Halafu kuna barabara. Kabla Daraja la Mkapa, linalovuka Mto Rufiji, halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikikolea safari ya Dar ilikwamia Rufiji. Vijana walikuwa wakiondoka hata hivyo (jina "wamachinga", yaani wachuuzi wa mitaani, lenyewe hunasibishwa na watu wa Machinga, Lindi), lakini daraja liliwarahisishia kwenda, na watoto wakabaki kwa bibi.

Kufikia sensa ya 2022 wastani wa taifa ulishuka hadi 4.3. Sensa hiyo ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mama wa aina ya yule aliyeko Dar aliandikwa huko huko, kwenye kaya ya mtu mmoja, ingawa unga anaousonga bibi Magomeni umenunuliwa kwa hela aliyotuma kwa simu.