Elektroni ya 4f: imekaa au inatembea?

Katika CeRhIn5, msombo wa seriamu, rodiamu na indiamu, kila atomu ya seriamu ina elektroni moja ya 4f, yaani ya tabaka la ndani la atomu. Ubishi wa miaka mingi miongoni mwa watu wa fermioni nzito (metali ambazo elektroni zake huonekana kuwa na tungamo kubwa mno) ni huu: elektroni hiyo ihesabiwe pamoja na zile zinazobeba umeme, au iachwe kwenye atomu yake kama sumaku ndogo? Wengi hukimbilia grafu ya ukinzani. Mimi naanza kuisoma hiyo, lakini hukumu naitafuta kwingine.

Kwenye joto la chumba hakuna ubishi. Mwitikio wa sumaku unatoa momenti (nguvu ya sumaku ya kila atomu) iliyo karibu na 2.54 μB (kipimo cha magnetoni ya Bohr), ile ya ioni huru ya Ce3+, kwa hiyo elektroni imekaa. Ukishusha joto, elektroni za upitishaji huanza kuifunika spini (usumaku) ya 4f, jambo ambalo mzizi wake ni kazi ya Jun Kondo ya mwaka 1964. Kadiri 4f inavyochanganyika nazo, ndivyo tungamo lao linavyoonekana kuongezeka. Hilo hupimwa kwa gama, yaani joto mahususi likigawanywa kwa halijoto karibu na sifuri: shaba ina takriban 0.7 mJ/mol K², lakini CeAl3, iliyopimwa mwaka 1975, ina takriban 1,620.

Wakati huohuo spini za atomu jirani huwasiliana kupitia elektroni zilezile na kutaka kujipanga. Tuite J nguvu ya mshikamano kati ya spini ya 4f na elektroni za upitishaji: nguvu ya kujipanga hukua kwa J², na ya kufunikwa hukua kwa kipeo cha −1/J. Mwanafizikia Doniach alionyesha mwaka 1977 kwamba J ikiwa ndogo mpangilio hushinda, ikikua ufunikaji hushinda. Katika misombo ya seriamu mgandamizo huongeza J. CeRhIn5 inatufaa hapo: bila mgandamizo hujipanga kiantiferosumaku (spini jirani zikielekea pande zinazopingana) kwenye 3.8 K, na ukiibana mpangilio huo hutoweka.

Sasa ukinzani. Katika ndugu yake CeCoIn5, yenye kobalti badala ya rodiamu, kuna kilele karibu na 45 K, kisha ukinzani unaporomoka, na wengi huandika kwamba hapo elektroni za 4f zimeanza kutembea. Kilele hicho kinasema tu kwamba atomu za seriamu zimeacha kutawanya elektroni kila moja kivyake. Vipimo vya fotoemisheni (mwanga kung'oa elektroni kutoka kwenye fuwele) vimeonyesha kuchanganyika kunaanza kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Tena usipotoa ukinzani wa LaCoIn5, isiyo na elektroni ya 4f, mchango wa fononi (mitetemo ya fuwele) unakisogeza kilele.

Entropia, kipimo cha wingi wa hali ambazo spini inaweza kuwamo, ni shahidi mzuri zaidi. Spini huru yenye hali mbili ina R ln 2 (R ni kiwango cha gesi), yaani 5.76 J/mol K. Katika CeRhIn5, karibu asilimia 30 tu ndiyo hutoka chini ya 3.8 K, nyingine imekwisha kupotea juu zaidi. Hata pale penye mpangilio wa sumaku, basi, elektroni haijakaa kikamilifu.

Hakimu wangu ni uso wa Fermi, yaani mpaka wa hali zilizojazwa na elektroni zinazobeba umeme, ambao ukubwa wake hutegemea idadi ya elektroni hizo. Mwaka 2005 Shishido na wenzake walipima mawimbi ya de Haas–van Alphen (usumaku unaopanda na kushuka uga wa sumaku unapobadilishwa, ambao masafa yake hufuata ukubwa wa uso wa Fermi) chini ya mgandamizo. Mwanzoni masafa ya CeRhIn5 yalifanana na ya LaRhIn5, isiyo na elektroni ya 4f. Kwenye takriban 2.35 GPa yalibadilika ghafla, yakafanana na ya CeCoIn5: 4f ilikuwa imeingia kwenye hesabu.

Kipimo hiki kinahitaji fuwele safi. Uwiano wa kawaida ni Ce:Rh:In 1:1:20, kwenye kijungu cha alumina ndani ya bomba la kwatzi lenye ombwe. Huyeyushwa karibu na 1,100 °C, hupozwa polepole, kisha indiamu ya ziada huondolewa kwa sentrifuji ikiwa bado majimaji. Mabaki yake huoshwa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Yakibaki, utaona ukinzani ukishuka ghafla kwenye 3.4 K: hiyo ni indiamu yenyewe ikigeuka kipitishio kikuu, usishangilie. Kikunjo karibu na 10 K ni CeIn3, msombo mwingine uliojichomeka ndani ya fuwele.

Hatari kubwa zaidi ni tungamo. Ukubwa wa mawimbi hupunguzwa kwa X/sinh X, ambapo X = 14.69 × m × T / B, m ikiwa tungamo kwa kipimo cha elektroni huru, T halijoto kwa kelvini na B uga wa sumaku kwa tesla. Chukua m = 40 na B = 10: kwenye 0.03 K hubaki asilimia 62, kwenye 0.1 K hubaki 3 tu. Ukipima kwenye 0.1 K obiti (njia za mzunguko za elektroni ndani ya uga) nzito zinazama kwenye kelele, nyepesi zinabaki, nawe unaandika kwamba 4f imekaa kumbe hukuisikia tu. Usitamke lolote kuhusu obiti isiyoonekana kabla ya kukokotoa kigawo hicho.

Mgandamizo nao usomwe ndani ya seli, chombo cha kubana fuwele, ikiwa baridi, kwa sababu hushuka seli inapopoa. Kipande cha risasi (metali ya Pb) kinatosha: hupoteza ukinzani kwenye 7.2 K, na joto hilo hushuka takriban 0.36 K kwa kila GPa. Mafuta ya Daphne 7373, yanayosambaza mgandamizo ndani ya seli, huganda karibu na 2.2 GPa kwenye joto la chumba, chini kidogo tu ya pale tunapotafuta mruko wa masafa. Badiliko la risasi likiwa pana, mgandamizo hauko sawasawa ndani ya seli, na mruko wa ghafla utaonekana kama mteremko.